Kiyoyozi cha Chumba cha Baba

Jumanne, 7 Januari

Kiyoyozi cha chumba cha Baba kimekufa leo saa nane mchana. Nasema kimekufa kwa kuwa ndivyo alivyosema Dada, mtu wa maneno mafupi; mimi ningesema kimeacha kupoza, jambo ambalo ni tofauti na kufa, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama familia hii itafungua mkoba au haitaufungua. Feni ya ndani bado inazunguka. Taa ya kijani bado inawaka. Kinachotoka ni hewa ileile ya chumbani, inayozungushwa na kurudishiwa wenyewe kama ilivyo.

Nimekaa miezi saba nyumbani na shahada yangu ya falsafa, na mtu asiyeandika chochote kwa miezi saba huanza kubishana na kuta. Kwa hiyo naandika.

Ni lazima niliweke wazi hapa jambo ambalo kila mtu wa nyumba hii analijua: Baba si mtu wa anasa. Kwa miaka ishirini alisimamia tanuri la mvuke katika kiwanda cha sabuni, hadi siku ile vali ilipofyatuka na mvuke ukamchoma kutoka shingoni hadi kiunoni, mbele na nyuma. Yeye alipona, ngozi haikupona. Kovu halitoi jasho, na mwili usiotoa jasho hauna pa kulipeleka joto lake. Sehemu ya fidia ya kiwanda ndiyo iliyonunua kiyoyozi kile, miaka kumi na minne iliyopita. Katika miezi ya joto Baba huingia chumbani saa nne asubuhi na kutoka jua likishazama, na hapo katikati, kati yake na kitanda cha hospitali kuna mashine hiyo tu.

Leo alitoka saa tisa, akakaa uani kwenye kivuli cha ukuta, akasema hali si mbaya. Mama alimtazama mdomo, kwa sababu midomo yake ikikauka ndipo hali inapokuwa mbaya.

Jumatano, 8 Januari

Fundi amekuja. Mtaani wanamwita Barafu. Ni mtu wa makamo, mfupi, mwenye suruali ya mifuko mingi ambayo yote imevimba. Kwa dakika tano za mwanzo hakufungua kitu. Aliweka kiganja juu ya kile kipande cha nje, kisanduku kinachonguruma nyuma ya ukuta, akaniambia niwashe, nizime, niwashe. Mashine ilikohoa, ikanguruma, ikatulia, ikakohoa tena. Baba alikuwa kwenye kiti chake kivulini, amefumba macho.

Hukumu ya Barafu ilikuwa fupi. Koili ya nje, yale mabomba yake ya shaba, imeliwa na kutu, gesi imevuja, na kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imechoka. Alishauri tununue mashine mpya, ndogo, kwa kuwa chumba ni kidogo. Alipotaja bei nilipiga hesabu haraka: ni mishahara mitatu ya Dada, ambaye anauza katika duka la dawa, bila Dada kula wala kupanda gari.

Nilimuuliza maswali kwa utaratibu. Je, gesi ya kiyoyozi huungua kama petroli? Akasema haiungui. Nikamwambia basi ni mchukuzi tu, hubeba joto la ndani na kulitua nje; akaitikia. Basi ikipungua, imetoka mahali? Imetoka. Kwenye tundu? Kwenye tundu. Na tundu la bomba la shaba huzibika? Huzibika. Nikamuuliza basi kwa nini mtu anunue mashine nzima kwa sababu ya tundu moja.

Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja.

“Bosi, tundu naweza kuziba. Uzee siuwezi.”

Nikamwambia huo ni usemi mzuri lakini si hoja. Alicheka kidogo, akamuaga Baba kwa heshima, na mimi akaniaga kwa kichwa.

Ijumaa, 10 Januari

Nyumba hii ina utaratibu wake. Kila matumizi makubwa huamuliwa mezani baada ya chakula cha Ijumaa. Zamani tulisema kuanzia mdogo hadi mkubwa, yaani mimi nilianza na hakuna aliyenisikiliza. Tangu nilipoingia chuo kikuu, Baba alibadilisha mpangilio: Dada huanza, Mama hufuata, kisha mimi, kisha yeye. “Msomi atufungie hoja,” husema, na hulisema neno hilo la msomi kama mtu anayeonyesha saa mpya.

Pesa zilizopo ni za bati. Paa la jikoni limeoza, na kwa miaka miwili Mama na Dada wamekuwa wakiweka akiba ya kuliezeka upya. Kwa bahati akiba hiyo inakaribia kabisa bei ya kiyoyozi kipya. Dada alisema tununue, paa lisubiri. Mama alisema anachotaka yeye ni baba yetu alale.

Nilizungumza kwa dakika ishirini. Nilieleza jinsi joto linavyosafiri, kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi bali huhamisha joto kutoka ndani kwenda nje, na kwamba gesi ni mchukuzi tu wa mzigo huo. Nilionyesha kwamba fundi ana maslahi katika kuuza mashine, na kwamba shahidi mwenye maslahi hupimwa mara mbili. Nikahitimisha kwamba tuzibe tundu, tujaze gesi, na tulinde bati.

Dada akaniuliza kama nimewahi kushika spana. Nikamjibu kwamba hakimu hahitaji kuua mtu ndipo ahukumu kesi ya mauaji. Baba alicheka hadi akakohoa.

“Msomi amesema,” akasema, akafunga kikao.

Jumatatu, 13 Januari

Barafu ameziba, akajaza. Alipomaliza alisema amefanya tulichotaka, na alilitamka neno la mwisho kwa uangalifu. Saa kumi chumba kilikuwa nyuzi ishirini na tatu. Baba amelala bila shuka. Sitaki kujisifu kwenye daftari langu mwenyewe, lakini pia sitaki kusema uongo: nilipita mbele ya mlango wa Dada mara tatu bila sababu.

Jumanne, 14 Januari

Nyuzi ishirini na tatu.

Alhamisi, 16 Januari

Dada ameniletea fomu kutoka idara ya maji. Wanatafuta wasoma mita. Alisema si nilitaka kusoma, basi kuna mita elfu sita hazijasomwa. Nilimwambia sikutumia miaka minne kuchunguza asili ya ujuzi ili nikapige magoti mbele ya mashimo ya watu. Akaiacha fomu juu ya friji, akaikandamiza kwa kopo la chumvi, akasema, “Haina haraka, Profesa. Mita haziendi popote.”

Jumatano, 22 Januari

Nyuzi ishirini na nane saa saba. Thelathini saa tisa. Ni siku ya tisa.

Alhamisi, 23 Januari

Barafu amekuja, ameangalia, amekataa. Nilimwambia azibe tena kwa kuwa bila shaka kazi ya kwanza haikuwa imara. Akasema kazi ya kwanza iko palepale alipoiacha. Shaba imetoboka sehemu nyingine, shibiri moja juu yake, na akiziba hapo itatoboka kwingine. Nilimwonyesha kwamba hoja yake, ikifuatwa hadi mwisho, ina maana kwamba hakuna kitu chochote duniani kinachofaa kutengenezwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Baba, si mimi.

“Mzee, mimi siwezi kula pesa yako mara mbili kwa mashine ileile. Mkiwa tayari kununua, niiteni.”

Nililiona jambo hilo kuwa ni kiburi cha mtu aliyezoea kuogopwa kwa sababu ana spana. Jioni nilitafuta kwenye simu nikampata fundi mwingine anayejiita Daktari wa Viyoyozi. Nilimweleza kwa kirefu. Alikubaliana nami katika kila kipengele, na bei yake ilikuwa nusu. Ni nadra kukutana na fundi anayefuata hoja.

Ijumaa, 24 Januari

Kikao kilikuwa kifupi. Dada alisema hapana, akaanza kukusanya sahani kabla sijafungua mdomo. Mama alipitisha kitambaa mezani. Mimi nikasema niliyoyasema. Baba alikaa muda, mkono juu ya meza, akiupapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba, nikadhani anatafuta pingamizi, nikajiandaa. Halafu akasema msomi amesema.

Jumamosi, 25 Januari

Daktari amekuja na mtungi wa gesi usio na karatasi. Amejaza. Nyuzi ishirini na nne.

Jumatano, 29 Januari

Saa saba na robo kulisikika mlio kama wa bati likiburutwa, kisha harufu ya plastiki inayoungua, kisha umeme wa nyumba nzima ukakatika. Kompresa imeungua. Hata mimi sikuhitaji kuambiwa. Simu ya Daktari haipatikani. Nimempigia mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja nilikuwa nampigia ili tu niwe nafanya jambo.

Jumamosi, 1 Februari

Mama anafua mashuka katika nyumba ya wageni, na sasa anarudi na yaliyochakaa, yale waliyomruhusu ayachukue. Anayalowesha na kuyatundika dirishani kwa Baba. Nilianza kumweleza kwamba shuka lililolowa huongeza unyevu hewani na kwamba unyevu hupunguza uvukizi. Akanikabidhi ncha moja ya shuka tukamue.

Ana pia chupa ya kunyunyizia maji, ile anayotumia kupigia pasi. Kila robo saa anamnyunyizia Baba kifuani na mgongoni, halafu feni inampulizia. Ngozi isiyotoa jasho inapewa jasho la kuazima. Nilitazama hilo kwa muda mrefu. Kuanzia Jumatatu zamu ya mchana ni yangu, kwa kuwa ndimi pekee nisiye na pa kwenda.

Jumatatu, 3 Februari

Dada ameulizia bei. Kwa sababu joto limepamba moto, kila mtu ananunua, na mashine ileile ndogo imepanda kwa theluthi moja. Pesa za bati zimebaki chini ya nusu. Alinisomea tarakimu tu, akaenda kuoga. Ningependa anigombeze.

Jumanne, 4 Februari

Nyuzi thelathini na tatu chumbani. Baba anasema hali si mbaya.

Jumatano, 5 Februari

Thelathini na nne.

Ijumaa, 7 Februari

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido ya hospitali, na nitaandika kila kitu, kwa sababu kuficha ndani ya daftari langu mwenyewe itakuwa ni aibu ya pili.

Jana Mama alitoka saa kumi na mbili asubuhi, Dada saa moja na nusu. Nilimnyunyizia Baba hadi saa sita, bila kukosa. Saa sita nikaketi sebuleni, hatua tano kutoka mlangoni kwake, nikaanza kuandika barua ya malalamiko dhidi ya yule Daktari, kwa mamlaka inayohusika na mafundi. Ilikuwa barua nzuri. Nasema hivyo kwa huzuni. Ilikuwa na utangulizi, maelezo ya tukio, misingi mitatu ya madai yangu, na nilikuwa kwenye msingi wa tatu nilipoinua kichwa na kuona saa saba na dakika ishirini. Chupa ya maji ilikuwa pembeni ya karatasi, imejaa.

Baba hakuwa ameniita. Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kuniona mgongo nikiandika. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ananiambia nipunguze makaa. Nikasema Baba, ni mimi. Akasema najua, punguza makaa, sindano ya kipimo cha mvuke imepita mstari. Nilimshika mkono. Ulikuwa mkavu na wa moto kama ubavu wa birika.

Nilimmwagia chupa yote, kisha ndoo, kisha nikamburuta hadi bafuni nikamkalisha chini ya bomba, na maji yenyewe yalitoka ya moto kwa sababu mabomba yetu yanapita juani. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Jirani yetu muuza matairi alikuja na gari lake la mizigo. Tulimlaza Baba nyuma juu ya shuka lililolowa, nami nikainama juu yake kumkinga na jua, na kila mara gari liliposimama nilisikia ulimi wake ukigonga meno, anajaribu kuhesabu kitu.

Hapa hospitali ni baridi. Viyoyozi vinavuma kwenye korido ambamo hakuna mtu.

Dada alifika akiwa na koti jeupe la duka la dawa. Nilimweleza yote, pamoja na barua. Nilitarajia anipige maneno. Alikaa kando yangu, akavua kiatu kimoja, akakunja vidole vya mguu. Baadaye akasema, “Umekula?” Nikasema hapana. Akasema hata yeye.

Jumamosi, 8 Februari

Daktari, huyu wa kweli, ametueleza kwamba figo zimeumia, na kwamba zinaweza kurudi, ingawa si zote. Baba anatambua watu. Jumanne wanahitaji kitanda. Mama aliuliza kama anaweza kurudi nyumbani siku hiyo. Daktari akauliza nyumbani kukoje, Mama akaeleza, naye akamwambia kwa upole kwamba katika chumba kile, kama kilivyo sasa, Baba hatamaliza wiki.

Leo ni Jumamosi. Sijawahi kupewa tarehe ya mwisho iliyo wazi kiasi hiki.

Jumapili, 9 Februari

Nimekwenda kwa Barafu. Anaishi nyuma ya karakana yake, chumba kimoja na uwanja uliojaa mifupa ya viyoyozi. Alikuwa anakula. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, sentensi sita zilizopangwa vizuri, ambamo nilikiri kosa bila kupoteza heshima yote. Kabla sijaanza akauliza Mzee yukoje, maana habari zimeshamfikia. Nikamwambia. Akasukuma sahani mbele, na zile sentensi sita zikaniishia mdomoni. Nikasema tu kwamba nilikosea, na kwamba hospitali wanakihitaji kitanda cha Baba Jumanne.

Akachokoa meno. Kisha akasema kwamba kesho atachukua mashine mpya kwa muuzaji wa jumla, kwa mkopo, kwa jina lake. Tumpe kilichobaki. Kinachopungua kitalipwa kila mwisho wa mwezi kwa miezi kumi. Ufundi hatahesabu. Ana sharti moja: asilipe Mzee, asilipe mama yangu, wala dada yangu.

“Utalipa wewe.”

“Kwa kazi gani, Fundi?”

“Hilo nalo unaniuliza mimi? Si wewe ndiye mwenye majibu?”

Aliisema bila ukali, karibu kwa huruma. Nikajitolea kuandika mkataba. Akasema niandike nikipenda, yeye hatausoma. Mwisho wa mwezi atapita nyumbani. Nilipofika getini akaniita. Akasema kuna jambo nilisema siku ile ya kwanza, kwamba gesi haiungui, ni mchukuzi tu. Akasema ni kweli, na kwamba amefanya kazi hii miaka kumi na tisa bila mtu kumweleza vizuri namna hiyo. “Ulikuwa sahihi kuhusu gesi,” akasema. “Ulikosea kuhusu mashine.”

Njiani nilijaribu kumchukia kwa ajili ya hilo, nikashindwa.

Jumatatu, 10 Februari

Fomu ilikuwa bado juu ya friji. Idara ya maji hawakuniuliza falsafa. Waliniuliza kama naogopa mbwa. Nimepewa tochi, ndoano ya kufunulia mifuniko, na viatu vinavyonizidi kwa kidole kimoja. Naanza Jumatano.

Jumanne, 11 Februari

Barafu alianza saa kumi na mbili asubuhi. Alining'oa mimi usingizini na mashine ya zamani ukutani, kwa mpangilio huo. Nilimshikia ngazi, nikampa spana alizozitaka na mara mbili spana asizozitaka. Saa tano na nusu aliwasha. Haikukohoa. Saa sita Baba aliingia chumbani ameshikwa na Mama upande mmoja na Dada upande mwingine, akasimama katikati ya chumba, akafumba macho.

Amekonda. Mkono wake wa kulia unatetemeka, na alipotaka kumshukuru Barafu alilitafuta neno kwa muda, wote tukisubiri.

Jumatano, 12 Februari

Mita hamsini na mbili. Mbwa watatu.

Ijumaa, 14 Februari

Mita tisini. Mwanamke mmoja alisimama juu ya kichwa changu muda wote nikiwa nimeinamia shimo lake, akidai kwamba mita yake ina uongo. Nilikuwa na jibu zuri. Sikulitoa. Nilikuwa nimechoka mno, sikuwa na nguvu ya kuwa sahihi.

Leo hapakuwa na kikao. Hakuna cha kuamua, pesa zimekwisha.

Alhamisi, 20 Februari

Nyuzi ishirini na nne kwa Baba. Nyuzi thelathini na sita barabarani, kwa mujibu wa ngozi yangu ya shingo, inayobanduka.

Ijumaa, 28 Februari

Mshahara wa nusu mwezi. Barafu alipita saa kumi na moja jioni kama alivyosema. Aliupokea mchango wangu bila kuuhesabu, akaingia kwa Baba, wakazungumza nusu saa juu ya vali. Nilipita mlangoni. Baba alikuwa anaeleza kwa mkono wa kushoto.

Jumanne, 4 Machi

Jambo dogo limenipata leo na sijui nilifanye nini.

Kazi yangu hunipitisha nyuma ya nyumba za watu, mahali ambapo mita hukaa, na hapohapo ndipo vipande vya nje vya viyoyozi hutundikwa. Kwa wiki tatu nimepiga magoti chini ya mamia ya visanduku hivyo vikiningurumia na kunidondoshea maji mgongoni. Leo, nyumba ya kona, kimoja kilikohoa, kikanguruma, kikatulia, kikakohoa tena. Nilikuwa na ndoano mkononi. Nikajua papo hapo, bila kufikiri, kama mtu anavyojua sauti ya mama yake katika chumba kingine, kwamba kompresa ile inakufa.

Wiki tatu tu, nami si fundi wala chochote. Nimepita tu karibu.

Baba alisikiliza mvuke kwa miaka ishirini. Alijua kwa sikio ni bomba gani limejaa na vali gani inataka kukazwa. Ndivyo alivyokuwa akitusimulia tulipokuwa wadogo. Na siku Barafu aliponiambia niwashe, nizime, niwashe, Baba alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwenye mashine ile, amefumba macho.

Jumatano, 5 Machi

Sikumuuliza.

Ijumaa, 7 Machi

Sikumuuliza.

Jumapili, 9 Machi

Mama yuko kazini. Wageni hawana Jumapili. Dada amelala. Saa tisa alasiri nilimpelekea Baba chai, nikakaa kwenye kiti cha miguu mitatu kilicho kando ya kitanda. Mashine ilikuwa inavuma taratibu. Tulizungumza juu ya mbwa wa mita. Alitaka kujua mbwa gani ni mbaya zaidi, wakubwa au wadogo, nikamwambia wadogo, akasema hata kiwandani ilikuwa hivyohivyo, kwa wasimamizi.

Kisha nikamuuliza. Nilikuwa nimekusudia kuuliza kwa mzunguko, nikauliza moja kwa moja: kama siku ile ya kwanza, alipokuwa kivulini, alisikia kwamba kompresa imekwisha.

Alikiweka kikombe kwa mikono miwili, kama anavyokiweka siku hizi.

“Niliisikia kabla Fundi hajafika,” akasema. “Tangu mwezi wa kumi na moja.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kwa sauti ambayo sikuipenda. Nikasema alikuwa na neno la mwisho, mezani, mara mbili. Kwamba angesema sentensi moja tu, tungenunua mashine Januari kwa pesa za bati, na figo zake zingekuwa kama zilivyokuwa, na mkono wake, na maneno yake. Nikasema nilikuwa mjinga, na yeye alijua kuwa ni ujinga, akaniachia niuendeshe.

Alifikiri kwa muda mrefu. Siku hizi siwezi kujua kama anafikiri au anatafuta neno.

“Ulikuwa unazungumza vizuri,” akasema.

Nikasubiri zaidi. Halafu akasema kwamba yeye alitoka shuleni darasa la tano. Kwamba alipokuwa kazini wahandisi walikuja, wakazungumza, naye akasimama kando na koleo, akijua kwamba wanakosea na hana maneno ya kuwaambia. Alipomsikia mwanawe akimbana fundi kwa maswali, moja baada ya jingine, pale uani, alisema, alitamani fundi achelewe kuondoka. Na mezani ilikuwa vilevile. Alidhani mashine itajikokota hadi mvua zianze. Alipiga hesabu, akakosea.

“Wewe pia ulikosea,” akasema. “Tumekosea wawili. Yamekwisha.”

Hayajaisha, na nilikuwa na hoja za kuonyesha hivyo. Niliziona zote zimejipanga. Nikazitazama tu.

Akajilaza, akavuta shuka hadi kifuani, juu ya yale makovu. Akaniomba nimweleze tena ile habari, ya jinsi joto linavyohamishwa. Ile ya mchukuzi. Nikasema Baba, unaijua. Akasema anaijua, lakini si kwa maneno.

Kwa hiyo nikaanza. Nilimweleza kwamba baridi si kitu, ni joto lililoondolewa. Kwamba ndani ya bomba la shaba gesi inafika ikiwa mikono mitupu, inapita chumbani, inajitwisha joto la ukuta na la kitanda na la mwili wake, inalibeba hadi nje, inalitua uani, kisha inarudi kuchukua jingine. Nilipofika kwenye kompresa nilisita, kwa kuwa sasa najua kwamba nilichosoma kuhusu kompresa ni kidogo kuliko alichokisikia yeye. Nikasema hapo aniongoze yeye.

Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, midomo mibichi. Nikainama nikamgusa paji la uso kwa nyuma ya mkono. Lilikuwa la kawaida. Kesho nina mita mia na kumi upande wa sokoni.